Chaki Kwanza

Mwenyekiti, sitakaa.
Jina langu ni Asaa,
fundi wa huu mtaa;
kanzu yako nakumbuka.

Nilikukatia mimi;
hukulipa, sikusemi;
dawa ya deni si ndimi,
leo nasema mipaka.

Walipita na ramani,
kopo la rangi kapuni,
wakachora ukutani
mstari ukapindika.

Ukaruka kwa Mbaruku,
ukenda banda la kuku,
ukarudi tena huku
kama mtu kakumbuka

chenji yake ya dukani.
Kwangu leo, ukumbini
jimbo hili; na jikoni
jimbo jingine lafika.

Mke wangu, Bibi Mize,
alicheka: "Niongoze,
wali huu niupoze
jimbo gani, nikipika?"

Kaka yangu, ng'ambo njia,
kura yake hupigia
bondeni, akipitia
mpunga, tope, vichaka.

Mimi sanduku li hapa:
kura naweza kutupa
dirishani, bila pupa,
cherahani kizunguka.

Kisima chetu kimoja,
hitima, harusi moja;
kwenye karatasi, waja
wa mbali tumetajika.

Nikauliza sababu.
Wakasema: "Ni hesabu,
idadi na taratibu."
Nami futi naishika.

Jimbo hili limefura,
lile, migomba na chura,
na kila moja kwa kura
kiti kimoja lashika.

Kanzu ikenda upande,
si uzi wala mitande;
kuna bega ilipende,
ndilo lililopimika.

Nina kosa, nalikiri.
Yadi saba za hariri
alileta Bi Johari,
mwanawe keshaposeka.

Nilikata faraghani,
mlango komeo ndani,
nikabana pembezoni,
yadi moja ikatoka.

Binti yangu Idi ile
kavaa gauni lile;
Johari kapita pale,
akatazama. Kacheka.

Hakunidai kwa neno.
Tangu siku hiyo, mno
nauogopa mkono
huu, mkasi kishika.

Sisemi ninyi ni wezi.
Nasema: najua kazi,
mwenye mkasi na uzi
peke yake, hupotoka.

Kuna atakayesema:
"Wenye viti watu wema,
waacheni." Hapo nyuma
na mimi nalisifika.

Iundwe tume ya watu
wasiogombea kitu,
wasio na chama chetu
wala chenu; wasotaka

gari, posho, wala kiti,
wenye subira ya dhati;
simu ya usiku kati
ikilia, wasoruka.

Mmoja awe mkunga,
ajue kila kiunga,
penye jiwe na mchanga,
na lini panafurika.

Riziki yao isiwe
mkononi mwa mwenyewe
anayetaka apewe
kura zetu tukifika.

Ramani itundikeni
msikitini, skulini,
hata bandani, dikoni,
kabla ya rangi kumwagika.

Chaki kwanza, si mkasi:
chaki hufutwa upesi,
nguo ikikatwa basi,
kiraka huwa kiraka.

*

Mwenyekiti kanyamaza,
peni akaigeuza;
karani akauliza:
"Na deni? Naliandika?"

Watu wakavunja mbavu.
Nikaketi, mnyamavu;
kicheko kile kikavu
cha Johari kikafika.

Tume haijatujia.
Ukutani rangi pia
ipo; Mize kachukia,
kaiziba kwa mkeka.

Asubuhi kesho yake
nilikwenda hadi kwake
na yadi ya rangi yake,
imekunjwa, imenyoka.

Akapima kwa dhiraa
mbele ya watu, Asaa
wima ja nguzo ya taa.
Ikatimu. Hakucheka.